Kuunda na kujaribu baiskeli ya milimani: vitenzi, majina na mitego ya mfasiri

Baiskeli ya milimani yenye springi mbele tu ni chombo kilichokusudiwa njia za mawe, mizizi na miteremko. Foku yake hubonyea na kurudi kila gurudumu la mbele linapogonga kitu. Nyuma hakuna kinachobonyea, kwa kuwa ekseli ya gurudumu la nyuma imefungwa moja kwa moja kwenye fremu. Haina keria, haina dinamo, na aghalabu haina hata kengele. Wengi huinunua ikiwa kamili, lakini wapo wanaonunua fremu peke yake, wakatafuta sehemu nyingine moja moja, kisha wakaziunganisha kwa mikono yao. Kazi hiyo huongozwa na vijitabu vya maelekezo, na vijitabu hivyo karibu vyote huwa vimeandikwa kwa lugha nyingine kabla ya kufika kwenye Kiswahili. Mfasiri anayevishughulikia hukosea kwa gharama kubwa kuliko mfasiri wa tangazo la sabuni, kwa maana kitenzi kimoja chenye maana mbili chaweza kumwangusha mtu mteremkoni.

Jina lenyewe

Kwa Kiingereza baiskeli ya aina hii ina jina ambalo likifasiriwa neno kwa neno litakuwa “mkia mgumu”. Tafsiri hiyo haifai. Kwanza, Kiswahili hakina mazoea ya kuita sehemu ya nyuma ya baiskeli mkia. Msomaji atamfikiria punda au ng’ombe kabla ya kufikiria ekseli. Pili, kivumishi *-gumu* kikihusishwa na baiskeli huleta maana nyingine kabisa: *baiskeli hii ni ngumu* humaanisha kwamba inachosha miguu, pengine kwa sababu gololi zimekauka au mnyororo una kutu.

Historia ya jina hilo inaonyesha kwa nini halina haja ya kufuatwa. Katika mwaka 1976 waendeshaji wa Marin, jimboni California, walianza kushindana kuteremka njia ya vumbi iliyo karibu na mji wa Fairfax. Walitumia baiskeli nzito za zamani ambazo breki yake ilikuwa ndani ya habu ya nyuma, nayo ilifanya kazi kwa kukanyaga pedali kinyumenyume. Mteremko ulikuwa mkali kiasi kwamba grisi ya habu iliungua na kutoka moshi, ikawa lazima habu ifunguliwe na kujazwa grisi mpya baada ya kila mteremko. Mashindano yakaitwa Repack, yaani kujaza upya. Mwaka 1977 Joe Breeze akaunda fremu za kwanza zilizokusudiwa kazi hiyo tangu mwanzo, na mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly wakafungua kampuni waliyoiita MountainBikes, jina ambalo baadaye likawa la kila baiskeli ya namna hiyo. Mchezo huo uliingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1996 huko Atlanta.

Baiskeli hizo za kwanza hazikuwa na springi mbele wala nyuma. Paul Turner alianzisha kampuni ya RockShox mwaka 1989, na foku za springi zikaenea. Baadaye zikaja fremu zenye springi nyuma pia. Ni hapo tu ndipo zile zisizo na springi nyuma zilipohitaji jina lake, ilhali hazikuwa zimebadilika. Kiswahili kinaijua hali hii vizuri. Hapakuwa na mtu aliyesema *simu ya mezani* kabla ya kuja kwa simu ya mkononi. Ilikuwa simu, basi. Kwa hiyo mfasiri atafute jambo linalotofautisha, aache picha iliyotumiwa na lugha nyingine. *Baiskeli ya milimani yenye springi mbele tu* ni ndefu, lakini inaeleweka mara ya kwanza inaposomwa. Baada ya hapo *baiskeli ya springi mbele* inatosha.

Huenda mtu akauliza kama *springi* ni neno sahihi, maana foku nyingi za leo hazina springi ya chuma iliyojikunja. Ndani yake mna hewa iliyoshindiliwa. Madereva wa magari wana *shokapu* na *shokomzoba*, nayo yote mawili yanaeleweka. Hata hivyo *springi* hutaja kazi, wala si umbo, na fundi akiambiwa foku ya springi hatashangaa akikuta hewa ndani.

Kuunda, si kujenga

Nyumba hujengwa. Ukuta hujengwa, na kwa istiari taifa, hoja na misuli hujengwa. Chombo cha kusafiria huundwa. Hivyo ndivyo watu wa pwani walivyosema tangu zamani juu ya majahazi, na kitenzi hicho hicho mwanafunzi wa isimu hukikuta kila siku katika *uundaji wa maneno*. Sentensi *amejenga baiskeli mpya* ni Kiingereza kilichovaa maneno ya Kiswahili.

Kutokana na *-unda* limepatikana jina *kiunzi*, kwa kanuni ile ile inayotoa *mlinzi* kutoka *-linda* na *mpenzi* kutoka *-penda*: sauti *nd* hugeuka *nz* mbele ya kiambishi tamati *-i*. Kiunzi ni mbao za chombo zilizosimamishwa kabla ya kufunikwa. Ni mifupa ya mwili. Ni umbo linalobeba mengine. Kwa hiyo *kiunzi cha baiskeli* ni Kiswahili safi, na katika maandishi ya kitaaluma kinapendeza. Mafundi husema *fremu*, na kijitabu kinachokusudiwa kusomwa na mtu mwenye grisi mikononi kitumie *fremu*. Lisilofaa ni kuchanganya yote mawili katika ukurasa mmoja, kwa maana msomaji atadhani ni vitu viwili. Upatanisho nao hutofautiana: *kiunzi kimepinda*, lakini *fremu imepinda*.

*Kutengeneza* kunahitaji uangalifu. Kitenzi hiki hubeba maana ya kufanya kitu kiwepo na maana ya kukirudisha katika hali njema. Mtu akisema *fundi anatengeneza baiskeli yangu*, anayesikia ataelewa kwamba imeharibika. Baiskeli mpya inayokusanywa kutoka kwenye maboksi haijaharibika. Afadhali isemwe kwamba *inaundwa*, na hatua zake zielezwe kwa *kuunganisha*, *kupachika*, *kuchomeka* na *kufunga*.

Foku, usukani, gurudumu

Wapo watafsiri wanaoona *foku* kuwa neno la mtaani na kulibadilisha kwa *uma*. Kwa umbo, uma wa mezani na foku ya baiskeli vinafanana kweli. Tatizo liko kwenye wingi. *Uma* ni jina la ngeli ya U-/ZI- na wingi wake ni *nyuma*. Matokeo yake ni sentensi kama *kagua nyuma za baiskeli zote*, inayompeleka msomaji upande usiohusika, kwa kuwa foku iko mbele. *Foku* ibaki foku, umoja na wingi: *foku hii, foku hizi*.

*Usukani* ni neno lililosafiri. Asili yake ni Kiarabu, na kwanza lilihusu chombo cha majini: ule ubao wa nyuma unaogeuza mwelekeo. Leo usukani wa gari ni duara, na wa baiskeli ni bomba refu lenye vishikio. Hakuna ubaya katika hayo yote. Ila mfasiri atofautishe usukani na *stemu*, yaani kile kipande kifupi kinachounganisha usukani na shingo ya foku, kwa sababu parafujo za stemu ndizo zinazozua ajali nyingi za uzembe, kama itakavyoelezwa.

*Gurudumu* ni kitu kizima: habu katikati, njiti, rimu, tairi. Mafundi wengi huita njiti *spoku*. Vitabu vina *kitovu cha gurudumu* mahali ambapo mafundi wana *habu*. *Mpira* ni neno la kuepukwa katika maelekezo, kwa kuwa baadhi ya watu wanalitumia kwa tairi na wengine kwa tyubu iliyo ndani yake, na baiskeli nyingi mpya za milimani hazina tyubu kabisa.

Hapa pana mtego wa tarakimu. Magurudumu ya baiskeli za milimani hutajwa kwa inchi: 26, 27.5 na 29. Mfasiri mwenye bidii huweza kuona inchi 29, akazidisha kwa 25.4, akaandika milimita 737 ili kumsaidia msomaji. Amemdhuru. Inchi hizo ni jina la kibiashara linalokaribia kipenyo cha tairi likiwa limejazwa. Kipimo kinachoamua kama tairi litaingia kwenye rimu ni kipenyo cha mahali ukingo wa tairi unapokalia, nacho ni milimita 559 kwa inchi 26, milimita 584 kwa inchi 27.5, na milimita 622 kwa inchi 29. Inchi ziachwe zilivyo, na milimita ziandikwe tu pale zilipo kwenye maandishi ya asili.

Kulia ni wapi?

*Mkono wa kulia* ni mkono wa kulia chakula. Kitenzi *-la* kimepata kiambishi cha kutendea kikawa *-lia*. Kiswahili kina *-lia* nyingine, ya kutoa sauti au machozi, na hiyo nayo ni ya karakana: breki zinalia, mnyororo unalia. Msomaji mwenye akili hatazichanganya. Tatizo halisi la *kulia* katika maelekezo ya ufundi ni kwamba halisemi ni kulia kwa nani.

Baiskeli ina upande wa kulia wa mwendeshaji aliyekaa kitini akitazama mbele. Fundi aliyechuchumaa mbele ya usukani ana kulia kwingine. Mafundi wameshalitatua jambo hili kwa lugha yao wenyewe: husema *upande wa mnyororo* na *upande wa pili*. Kwenye baiskeli za milimani mnyororo huwa upande wa kulia wa mwendeshaji, kwa hiyo maneno hayo hayapotezi chochote na yanaondoa shaka yote. Mfasiri ayachukue bila haya.

Mzunguko nao una shida yake. *Zungusha spana kulia* ina maana moja mpini wa spana ukiwa juu, na maana iliyo kinyume ukiwa chini. Usemi usioyumba ni *kwa mwelekeo wa mishale ya saa* na *kinyume cha mishale ya saa*, pamoja na kutaja mahali mtazamaji aliposimama.

Haya yote yangekuwa mambo ya adabu ya uandishi tu lau hesi za parafujo zote zingekata upande mmoja. Hazikati. Pedali ya upande wa mnyororo hukazwa kwa mwelekeo wa mishale ya saa, ikitazamwa kutoka nje. Pedali ya upande wa pili ina hesi zilizogeuzwa, nayo hukazwa kinyume. Sababu yake ni kwamba uzito wa mguu huisukuma ekseli ya pedali dhidi ya ukuta wa tundu lake, na kadiri mkono wa pedali unavyozunguka, mahali panaposukumwa huzunguka pia. Ekseli hujiviringisha kidogo kidogo ndani ya tundu, kuelekea upande ulio kinyume. Hesi za kushoto zimegeuzwa ili mjongeo huo uikaze pedali badala ya kuifungua. Chini ya fremu, mahali ekseli kubwa ya pedali inapopita, mambo hugeuka tena: katika fremu zenye hesi za mfumo wa Kiingereza, kikombe cha gololi cha upande wa mnyororo ndicho hukazwa kinyume cha mishale ya saa.

Basi linganisha sentensi mbili. Ya kwanza: *Kaza pedali zote kwa kuzizungusha kulia.* Anayeitii atailazimisha pedali ya kushoto, nayo itaingia kombo na kukwangua hesi za alumini; mkono mpya wa pedali utakuwa umeharibika kabla ya kwenda hatua kumi. Ya pili: *Ukiitazama pedali ya upande wa mnyororo kutoka nje, izungushe kwa mwelekeo wa mishale ya saa mpaka ikaze, ya upande wa pili izungushe kinyume cha mishale ya saa.* Ni ndefu zaidi ya mara nne, na hakuna neno la kupunguza.

Kukaza, na kukaza ndi

Kiswahili kina njia ya kugeuza kitendo kwa kiambishi *-u-*: *funga* na *fungua*, *chomeka* na *chomoa*, *kunja* na *kunjua*. *Kaza* haimo katika kundi hilo. Kinyume chake ni *legeza*, kutokana na *-legea*. Tofauti kati ya *kufungua nati* na *kulegeza nati* ni kubwa kazini: ya kwanza huishia nati ikiwa mkononi, ya pili huiacha mahali pake. Maelekezo ya kurekebisha urefu wa kiti yanataka kulegeza.

Kuna pia tanakali. Kitu hufungwa *ndi*, au kwa msisitizo *ndi ndi ndi*. Mzigo kwenye keria hufungwa ndi, na anayeufunga hivyo husifiwa. Kwa baiskeli za chuma za zamani tabia hiyo haikuleta hasara kubwa, kwani chuma kinene huvumilia. Stemu ya alumini inayoshika usukani wa nyuzi za kaboni haivumilii. Parafujo zake nyingi zimechapwa kipimo cha kati ya Nm 4 na 6. Ikikazwa chini ya hapo, usukani huteleza ndani ya stemu mwendeshaji anapotua kutoka juu ya jiwe. Ikikazwa kupita hapo, kaboni hupata ufa usioonekana, na ufa huo hungoja siku yake.

Nm 5 ni kiasi gani? Ni nguvu ya mzigo wa kilo 5 hivi ukiningʼinizwa kwenye ncha ya spana yenye urefu wa sentimita 10. Ni kidogo kuliko mtu mwenye mkono wa kazi anavyodhani. Pedali, kwa upande mwingine, mara nyingi hutakiwa Nm 35 au zaidi, yaani mara saba ya hapo. Neno moja *kaza* likitumika kwa zote mbili bila tarakimu, halijasema kitu. Hivyo vielezi kama *sana*, *vizuri*, *barabara* na *kabisa* vinapaswa kuondolewa katika maelekezo ya namna hii na nafasi yake ichukuliwe na kipimo. Spana inayotumika ni *spana ya kupimia mkazo*. Wanafunzi wa fonolojia watatabasamu, maana kwao mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Lakini neno ni lile lile na linafaa pande zote mbili.

Alama *Nm* isimame kwa N kubwa na m ndogo. Ikiandikwa *nm* kwa herufi ndogo, kwa mwanasayansi itakuwa nanomita, na kwa mtu aliyezoea Kamusi ya Kiswahili Sanifu itakuwa kifupisho cha *nomino*. Wa pili hatadhurika. Wa kwanza atachanganyikiwa.

Parafujo nne za stemu hazikazwi moja hadi mwisho kisha nyingine. Hukazwa kwa zamu, kwa mshazari, robo mzunguko kila moja, mpaka zote zifike kwenye kipimo. *Kwa zamu* ni usemi wa kawaida na hauhitaji kuboreshwa.

Kufunga breki

Huu ndio mtego mbaya kuliko yote, kwa sababu sentensi yenyewe haina kasoro ya sarufi. *Funga breki ya mbele* yaweza kumaanisha *ipachike breki ya mbele kwenye foku*, na yaweza kumaanisha *simamisha gurudumu la mbele*. Dereva wa basi *hufunga breki* ng’ombe akikatiza barabarani. Fundi naye *hufunga breki* mpya kwenye baiskeli. Katika kijitabu chenye sura ya kuunda na sura ya kuendesha, kitenzi hiki kitatokea kwa maana zote mbili, pengine katika ukurasa mmoja. Ugawaji ufuatao unatosha: sehemu *hupachikwa* na parafujo zake *hukazwa*, mwendeshaji *hubana* breki na kuiachia. *Kukanyaga breki* kuachiwe magari. Limeonekana zaidi ya mara moja katika maandishi ya baiskeli, na ni ishara kwamba mfasiri alikuwa na kamusi ya udereva mezani.

Kisha kuna suala la mkono upi. Marekani, kwa desturi, mkono wa kushoto hubana breki ya mbele. Uingereza mkono wa kulia ndio wa mbele. Kijitabu cha Kimarekani kinachoonya dhidi ya kubana ghafla breki ya kushoto kina maana ya breki ya mbele. Kikifasiriwa kwa uaminifu wa neno kwa neno, kitamfikia msomaji ambaye baiskeli yake imefungwa kwa desturi ya Kiingereza na kumwambia aogope breki isiyo na hatari, aiamini ile inayoweza kumrusha juu ya usukani. Mfasiri aandike *breki ya mbele* na *breki ya nyuma*. Huku si kutoka nje ya matini. Ni kubaki ndani ya maana yake.

Vitenzi vya mafuta vina mpangilio mzuri wa kufuatwa. Grisi *hupakwa* kwenye hesi za pedali na kwenye nguzo ya kiti ya chuma. Mafuta *hutiwa* kwenye mnyororo. Diski ya breki haipakwi wala haitiwi kitu, na hata kidole chenye jasho kisiiguse. Breki za mafuta zikiwa na mapovu ndani ya mrija, *hutolewa hewa*. Ni vema kukumbuka kwamba tairi hujazwa *upepo* kwa lugha ya kila siku, na anayesema *tairi halina upepo* hajakosea. Lakini breki hazitolewi upepo. Kila moja lina mahali pake.

Kujaribu

*Alijaribu kuendesha baiskeli* ni habari ya mtu asiyejua kuendesha, na yamkini alianguka. *Aliijaribu baiskeli* ni habari ya mtu anayejua, aliyetaka kuona kama chombo kiko sawa. Tofauti iko kwenye yambwa: kitenzi kisaidizi kikifuatwa na kitenzi kingine huleta maana ya kutia nia, kikifuatwa na jina, chenye kiambishi cha yambwa, huleta maana ya kupima. Katika vichwa vya habari, *safari ya majaribio* ni wazi zaidi kuliko *jaribio la baiskeli*.

Kabla ya safari hiyo baiskeli hupimwa ikiwa imesimama. Mwendeshaji hubana breki ya mbele na kuisukuma baiskeli mbele na nyuma, huku vidole vya mkono mwingine vikigusa mahali shingo ya foku inapoingia kwenye fremu. Kama kuna kitu *kinacheza*, vidole vitasikia. Kitenzi hicho, *-cheza*, kinatimiza kazi ambayo watafsiri wengine hujaribu kuifanya kwa *uwazi*, *nafasi* au *ulegevu*, na kila fundi anakielewa. Vilevile magurudumu huzungushwa hewani: likiyumba, njiti hazijavutwa sawasawa.

Springi ya foku hurekebishwa kwa uzito wa mwendeshaji. Ana kwa ana na baiskeli, akiwa amevaa kila atakachovaa njiani, hupanda taratibu na kusimama juu ya pedali. Kipete cha mpira kilichoko kwenye mguu wa foku husukumwa chini na kubaki pale foku ilipofika. Foku yenye nafasi ya kubonyea ya milimita 120, ikitakiwa ibonyee asilimia 20 kwa uzito wa mtu peke yake, itasogeza kipete milimita 24. Ikizidi, hewa huongezwa, ikipungua, hupunguzwa. *Kubonyea* na *kurudi* ndiyo maneno mawili yanayohitajika hapa. Majina yaliyobuniwa kutokana nayo yanaweza kungoja mpaka mafundi wenyewe wayahitaji.

Tairi za milimani hujazwa upepo kidogo kuliko za barabarani, mara nyingi kati ya paundi 20 na 30 kwa inchi ya mraba, kulingana na uzito wa mtu na upana wa tairi. Aliyezoea baiskeli ya mjini ataona zimelegea. Lakini kwenye baiskeli isiyo na springi nyuma, tairi la nyuma na magoti ya mwendeshaji ndiyo springi pekee iliyopo.

Breki za diski zikiwa mpya hazishiki vizuri. Huzoeshwa kwanza mahali tambarare: mwendeshaji hukimbiza baiskeli kiasi, hubana breki kwa nguvu inayoongezeka mpaka karibu asimame, huachia, kisha hurudia mara 20 hivi bila kulifanya gurudumu liburuzike. Ndipo aende mlimani. Jijini Nairobi msitu wa Karura una njia za baiskeli, na karibu na Naivasha hifadhi ya Hell’s Gate huruhusu watu kupita kwa baiskeli miongoni mwa wanyama; mahali kama hapo panafaa kwa safari ya kwanza, pakiwa na kupanda na kushuka kwa kiasi.

*Kupanda* nako ni kitenzi kilichobeba mengi. *Kupanda baiskeli* ni kukaa juu yake na pia ni kusafiri nayo. *Kupanda mlima* ni kwenda juu. Sentensi *alipanda baiskeli mlimani* haisemi kama alikwea au alianzia huko huko. *Alipanda mlima kwa baiskeli* haina utata. *Kuendesha* husisitiza udhibiti wa chombo. Na *kunyonga baiskeli*, kunakosikika sana Tanzania, husisitiza kazi ya miguu. Ni usemi mzuri kwa maelezo ya mwinuko, ambapo mwendeshaji wa baiskeli ya springi mbele hupata faida yake, kwa kuwa nguvu ya mguu haipotei ikibonyeza springi ya nyuma. Mteremkoni hulipa deni. Gurudumu la mbele likipita juu ya mzizi, foku hulimeza pigo. La nyuma hufuata na *kudunda*. Asiyeinuka kitini na kukunja magoti atarushwa. Hapo *kudunda* ni neno la haki, wala halihitaji kupambwa kwa *mtikisiko wa wima*.

Baada ya safari ya kwanza sehemu mpya huwa zimetulia mahali pake: njiti zimejinyoosha, waya za gia zimelegea kidogo, pedi za breki zimekaa. Parafujo zote hupimwa tena kwa spana ile ile na kwa vipimo vile vile. Kijitabu kisiseme *zikaze tena*, kwa maana atakayesoma hivyo ataongeza robo mzunguko kwa kila parafujo, hata isiyolegea. Kiseme *hakikisha kila parafujo ingali kwenye kipimo chake, na ukaze iliyolegea tu*.